BWANA YULE NA HESABU ZA KIPUUZI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku mwalimu wetu wa hesabu alipoandika jina YULE ubaoni, darasa zima liliangua kicheko, na mmoja wetu akauliza ni yule nani. Mwalimu akangoja tutulie, ndipo akatueleza kwamba huyo alikuwa mtu kweli, George Udny Yule, Mskoti, na kwamba jina lake kufanana na neno letu ni bahati tu, maana kwao hulitamka kama Yuul. Akaongeza kuwa mtu huyo ndiye aliyewaonyesha wataalamu jinsi mambo mawili yanavyoweza kufanana sana bila ya kuwa na udugu wowote. Basi, wasomaji wapendwa, hata jina lake limekuwa mfano wa kazi yake! Jambo hilo lilinipendeza, nikaenda kutafuta habari zake. Ninayo pia sababu nyingine ya kuandika habari hizi, nayo si ya kunipa sifa. Nitaieleza mbele.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1871 huko Morham, karibu na mji wa Haddington katika Scotland. Baba yake alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali ya Waingereza huko Bara Hindi. Baba yake mdogo, Sir Henry Yule, alikuwa mwanachuoni aliyefasiri kwa Kiingereza kitabu cha safari za Marco Polo, na chapa ya kwanza ilitoka mwaka uleule wa 1871. Hiyo nayo ni bahati tu.

Kijana huyo alisoma katika shule ya bweni ya Winchester, na alipokuwa na miaka 16, yaani mdogo kuliko mimi, akaingia Chuo Kikuu cha London kusomea uhandisi. Alimaliza mwaka 1890, akafanya kazi katika karakana kwa muda, lakini vyuma havikumpendeza. Akaenda Ujerumani, mji wa Bonn, akasoma fizikia chini ya Heinrich Hertz, yule aliyegundua mawimbi ya redio, ambaye jina lake hutajwa mpaka leo kila tunapotafuta stesheni. Hertz alikuwa mgonjwa, akafa mwanzoni mwa 1894 akiwa na miaka 36 tu. Hapo Yule alikuwa ameisha kurudi London, kwa kuwa mwaka 1893 alipewa kazi ya usaidizi na mwalimu wake wa zamani, Karl Pearson.

Kwa Pearson ndipo alipokutana na kile kilichokuwa kazi ya maisha yake, yaani kipimo cha uhusiano. Yanipasa kukieleza, kwa maana wenzetu wa Kidato cha Kwanza nao husoma gazeti hili. Tuseme unazo safu mbili za namba, kila mwaka na namba zake. Safu moja ikipanda na ya pili ikipanda nayo hatua kwa hatua, kipimo hukaribia 1. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, hukaribia hasi 1. Kama hazijaliani kabisa, hukaribia sifuri. Ni kipimo kizuri, lakini ni kama mizani ya sokoni: hukwambia uzito wa gunia, hakikwambii ndani mna viazi au mawe.

Mwaka 1899 Yule alitoa uchunguzi wake juu ya mafukara wa Uingereza. Siku zile mafukara walisaidiwa kwa njia mbili: ama walipewa posho wakiwa nyumbani kwao, ama waliwekwa katika nyumba za kazi, nazo zilikuwa mahali pa taabu na aibu. Yule aliona kwamba penye posho nyingi za nyumbani, mafukara nao walikuwa wengi. Bila shaka matajiri walipenda kusikia kwamba posho ndiyo inayozaa ufukara. Yeye aliandika kwa maneno yaliyoelekea upande huo, lakini chini ya ukurasa akaweka tanbihi akieleza kwamba pale aliposema jambo moja limetokana na jingine, msomaji aelewe kwamba yameambatana tu. Kwa maoni yangu tanbihi hiyo ilikuwa ndogo mno kwa mzigo iliobebeshwa. Fukara aliyenyimwa posho hakusoma tanbihi.

Mwaka huohuo 1899 alioa, akaacha kazi kwa Pearson, akaenda kusimamia mitihani ya ufundi mjini London, kwa sababu mshahara ulikuwa bora. Ndoa ile haikudumu, ilibatilishwa mwaka 1912. Kuanzia 1902 hadi 1909 alitoa mafundisho ya takwimu, na mafundisho hayo yakawa kitabu kilichotoka mwaka 1911. Kitabu hicho kilipendwa mno. Chapa ya 14 ilitoka mwaka 1950, karibu miaka 40 baada ya ile ya kwanza.

Kisha ukaja ugomvi. Yule na Pearson walikosana juu ya namna ya kupima mambo yasiyo na daraja, kwa mfano mtu aliyechanjwa ndui au asiyechanjwa, aliyepona au aliyekufa. Pearson alitaka kuyahesabu kana kwamba yana daraja zilizofichika ndani, kama urefu wa watu. Yule alisema kwamba aliyekufa amekufa, hakuna kufa nusu. Mwaka 1913 Pearson na msaidizi wake walimjibu kwa makala yenye kurasa zaidi ya 150. Kurasa 150! Mimi nikipewa insha ya kurasa nne huona dunia imekwisha. Hata hivyo Yule hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Pearson alipokufa mwaka 1936, Yule alikuwa mmoja wa wawili walioandika habari za maisha yake kwa ajili ya chama cha wataalamu.

Mwaka 1912 alihamia Chuo Kikuu cha Cambridge kufundisha takwimu. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliitwa serikalini kuhesabu mahitaji ya jeshi na baadaye chakula cha raia, akapewa nishani mwaka 1918. Baada ya vita alirudi Cambridge, akawa akiishi chuoni St John's.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Novemba 1925, akiwa rais wa Chama cha Kifalme cha Takwimu, Yule alisimama mbele ya wenzake akawasomea hotuba iliyochapishwa mwaka uliofuata. Aliuliza kwa nini safu za namba za miaka na miaka mara nyingine hutoa uhusiano wa kipuuzi. Mfano wake ulikuwa huu. Alichukua miaka kuanzia 1866 hadi 1911 katika Uingereza na Wales. Upande mmoja akaweka sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Kiingereza kati ya ndoa zote. Upande wa pili akaweka idadi ya waliokufa katika kila watu 1,000. Akapiga hesabu, akapata 0.9512. Ni karibu kabisa na 1! Kwa namba hiyo, kama Waingereza wangeacha kuoana kanisani, kifo kingekoma.

Ukweli ni kwamba vitu vyote viwili vilikuwa vikishuka, kila kimoja kwa njia yake. Watu walizidi kufunga ndoa mbele ya msajili wa serikali au katika madhehebu mengine. Vifo navyo vilipungua kwa sababu miji ilipata maji safi na mifereji ya taka, na watu wakala vizuri zaidi. Yule alikiri kwa utani kwamba mtu mwerevu mwenye nia anaweza kutafuta sababu ya kuunganisha karibu mambo yoyote, kwa mfano akasema kwamba maendeleo ya sayansi yamepunguza vyote viwili. Lakini yeye hakuridhika na maneno ya namna hiyo.

Wengi wangeishia kwenye kicheko. Yeye aliendelea, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Watu walikuwa wakisema kwamba uhusiano huu hutokea kwa sababu ya wakati tu, maana vitu vyote hubadilika na wakati. Yeye aliona kwamba wakati peke yake si sababu, akatafuta namna hasa inavyotokea. Wenzangu wa hapa Tukuyu mtaelewa upesi nikitumia vitu vyetu wenyewe.

Tazameni kipimamvua cha shule. Kila siku saa tatu asubuhi tunasoma maji, tunaandika, tunayamwaga. Siku mpya huanza na chombo kikavu. Sasa litazameni Ziwa Nyasa kule chini Kyela. Hakuna mtu anayelimwaga kila asubuhi. Maji ya mwaka jana bado yamo, ya mwaka huu yanaongezwa juu yake. Kuanzia 1915 mpaka 1935 mlango wake wa kutokea, mto Shire, ulikuwa umezibwa na michanga na majani, maji yasitoke, na ziwa likawa likipanda. Chukua kitu kingine chochote kilichokuwa kikiongezeka katika miaka ile, hata idadi ya magari katika mji wa London, utapata uhusiano mkubwa sana na Ziwa Nyasa.

Yule alitengeneza safu za namba za bahati nasibu kwa makusudi. Kwanza alitengeneza zile zinazofanana na kipimamvua, kila namba peke yake, na vipimo vya uhusiano vikakusanyika karibu na sifuri, kama inavyotakiwa. Kisha akatengeneza zile zinazofanana na ziwa, ambamo kila namba hubeba zilizotangulia, na vipimo vikatawanyika ovyo. Mwisho akajumlisha majumlisho yenyewe, na hapo vipimo vikakimbilia kwenye ncha, karibu na 1 au hasi 1, ingawa safu hizo hazikuwa na uhusiano hata kidogo. Wanauchumi waliendelea kujikwaa palepale kwa miaka mingi, hata Clive Granger na Paul Newbold walipowakumbusha tena mwaka 1974.

Ukitaka mfano wa leo, tembea kutoka Tukuyu mpaka Kiwira. Simu za mkononi zimeongezeka, na miparachichi nayo imeongezeka. Watu wa Tanzania walikuwa milioni 44.9 katika sensa ya 2012, wakawa milioni 61.7 katika ile ya 2022. Vyote vinapanda. Lakini sijamwona mkulima anayepanda simu ili avune maparachichi. Na sisi wa Tukuyu tunayo hatari yetu ya pekee: mahali panaponyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, jambo lolote utakalofanya litafuatwa na mvua.

Huenda mkadhani ni mambo ya Ulaya tu. La, mfano mkubwa upo hapa Afrika Mashariki, na ulitokea katika siku zilezile za Yule. Tangu 1896 kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kikipimwa kwa utaratibu. Mwaka 1923 Mwingereza mmoja mtaalamu wa hali ya hewa, C. E. P. Brooks, aliyalinganisha maji hayo na madoa ya jua. Madoa haya ni mabaka meusi katika uso wa jua, nayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Brooks alikuta kwamba madoa yakiwa mengi, ziwa hujaa, na yakiwa machache, ziwa hushuka. Kipimo kilikuwa kama 0.87. Hii haikuwa mzaha kama ndoa na vifo, maana jua ndilo linalopasha joto bahari na kuleta mvua. Kila mtu angeweza kuamini. Fikiri faida yake: kutazama jua, na kujua miaka kadhaa mbele maji yatafika wapi katika bandari za Mwanza, Bukoba na Kisumu!

Baada ya miaka ya 1920 ziwa likaacha kutii. Mwisho wa 1961 zikaja mvua kubwa zilizovuka kiasi, na maji yakapanda zaidi ya mita 2, yakafika kilele katika Mei 1964. Na madoa ya jua mwaka 1964? Yalikuwa katika uchache wake kabisa. Mwaka 2020 ziwa likapanda tena mpaka kiwango kile cha 1964, na mara hii pia jua lilikuwa limetoka tu katika uchache wa madoa, mwezi wa Desemba 2019. Kisha mwaka 2024 likajaa tena, na sasa madoa yalikuwa mengi. Ziwa lilijaa madoa yakiwepo, likajaa yasipokuwepo.

Kosa lilikuwa wapi? Ukisoma hesabu ya Brooks unaona miaka 27, nawe unadhani una mashahidi 27. Lakini madoa yalikuwa na vilele viwili tu katika muda ule, kama 1906 na 1917. Kwa hakika mashahidi walikuwa wawili. Lakini ni haki niseme kwamba wako wataalamu walioirudia hoja hiyo mwaka 2007, wakidai kuwa mvua nyingi huja karibu na vilele vya madoa. Kesi haijafungwa.

Yule mwenyewe aliyashughulikia madoa ya jua, na mwaka 1927 alitoa makala juu ya hesabu zake kuanzia 1749 hadi 1924. Aliuliza kwa nini mzunguko wake si sawasawa, mara mrefu mara mfupi. Alitoa mfano wa pendulamu inayoning'inia chumbani ikiyumba kwa utulivu. Kisha wavulana watundu wanaingia na kuanza kuitupia njegere, moja huku, nyingine kule. Pendulamu itaendelea kuyumba, lakini mwendo wake utavurugika, na hutaweza kuutabiri kwa mbali. Nadhani mtu aliyebuni mfano huo aliwahi kuishi bwenini.

Sasa habari yangu. Muhula wa kwanza wa mwaka jana nilikuwa mwandishi wa matokeo ya mpira katika bweni letu. Alikuwepo mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyevaa kofia nyekundu ya sufi aliyofumiwa na bibi yake kwa ajili ya baridi, kwa hiyo alionekana upesi uwanjani. Mtu mmoja akasema kwamba tukimwona yeye tunafungwa. Nikafungua daftari langu, nikahesabu. Michezo sita aliyokuwepo, tulifungwa yote sita. Michezo mitatu asiyokuwepo, tulishinda miwili na mmoja tukatoka suluhu. Nilibandika hesabu hiyo mlangoni kwa mzaha, na kwa sababu ilikuwa na tarakimu, watu waliiamini. Mtoto akakatazwa kuja uwanjani. Wengine hawakutaka kukaa naye mezani wakati wa chakula siku ya mchezo. Hakulia mbele yetu. Aliacha kuvaa ile kofia, na ilikuwa mwezi wa Juni, na ninyi nyote mnajua Juni ya Tukuyu.

Sababu niliiona baadaye sana, baada ya kusoma habari za Yule. Tulipocheza na timu kali kutoka mbali, shule nzima iliachwa huru kutazama. Tulipocheza michezo myepesi na majirani, Kidato cha Kwanza walibaki shambani kupalilia. Basi yule mtoto, pamoja na wenzake wote wa darasa lake, aliona michezo migumu tu. Wenzake hawakuwa na kofia nyekundu. Nililibandua karatasi lile, nikamwendea, nikamweleza, nikamwomba radhi. Alinisikiliza tu, kisha akaniuliza kama kweli nilihesabu kabla ya kuandika. Nikamjibu kwamba nilihesabu, na kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Tumrudie mtu wetu. Yule alistaafu mwaka 1931. Alikuwa na miaka 60, akajiona bado kijana, akajifunza kurusha ndege, akapata leseni, akanunua ndege yake mwenyewe. Wazee wangapi wa miaka 60 mnaowajua wamefanya hivyo? Lakini moyo wake ukaugua, na urubani ukakoma, na kazi nyingi nyingine pia. Alikuwa mtu wa kusoma vitabu vya zamani, na katika uzee wake aliunganisha mapenzi hayo na hesabu. Watu walibishana kwa karne nyingi ni nani aliyeandika kitabu cha Kilatini cha Kumwiga Kristo, kama ni Thomas à Kempis au mwingine. Yule akahesabu maneno, hasa majina, moja moja, aone jinsi kila mwandishi anavyoyatumia mara kwa mara au mara chache. Hakuwa na mashine ya kompyuta. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1944, wakati wa vita, na ushahidi wake ulielekea kwa Thomas à Kempis.

Alifariki Cambridge tarehe 26 Juni 1951, akiwa na miaka 80.

Jumamosi iliyopita timu kali kutoka mbali ilikuja. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Rungwe, goli la upande wa pili halikuonekana vizuri, lakini ile kofia nyekundu niliiona, imesimama pembeni karibu na kona. Tulifungwa mabao mawili kwa moja. Nimeandika matokeo daftarini, na safari hii sikuandika nani alikuwepo.